Jiwe la Shemeji

Kwenye karakana ile ya mawe ya makaburi kuna mwiko mmoja ambao hakuna aliyeuandika popote, lakini wote wanaushika: sura ya marehemu haichongwi kwa majaribio. Mashine, kabla haijagusa jiwe lenyewe, lazima ijaribiwe kwenye kipande kibovu, ionekane inakata kina gani na inakwenda kasi gani. Sasa utachukua uso wa mtoto wa watu aliyefariki, umchonge jicho moja na nusu shavu, kisha ukitupe kipande uani kwenye kifusi, mama yake apite akione? Thubutu! Ndiyo maana wanajaribu kwa sura ya mtu aliye hai. Ni heshima tu, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza Mama Sura.

Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu kazi yake ni kuandaa sura. Wenye msiba wanamletea picha, na picha zenyewe mnazijua: moja imekatwa kwenye kitambulisho cha zamani, nyingine marehemu yuko nyuma ya keki ya harusi isiyomhusu, nusu ya kichwa imefunikwa na puto. Yeye anakaa mbele ya kompyuta, anaondoa keki, anaondoa puto, anafuta kivuli kwenye paji la uso, anageuza rangi zote ziwe nyeusi na nyeupe, mpaka mtu anatokea. Ujanani alikuwa kwenye studio ya picha, akifuta chunusi za maharusi kwa brashi nyembamba. Simu zilipoanza kupiga picha, studio ikafa, naye akahamia kwenye mawe. "Zamani nilikuwa nasafisha walio hai, kila mtu analalamika," alikuwa akisema. "Hawa wa sasa wametulia." Alikuwa mcheshi hivyo, mpaka zamu ya nyumbani kwake ilipofika.

Alikufa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, seremala. Aliinama kuokota msumari, hakuinuka. Moyo, madaktari wakasema, na familia ikashika tama. Kwa Mama Sura yule hakuwa shemeji wa salamu za sikukuu tu. Siku alipoletwa kuolewa alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto ambaye si wa nyumba ile, na ukoo mzima ulikunja uso kama umelamba ndimu. Mashangazi walikuwa wananong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Shemeji akainuka kwenye kiti akasema, "Mwanamke anaingia ndani. Na huyo mtoto msimtafutie baba mkubwa, ameshampata, ndiye mimi." Yakaishia hapo. Kitanda cha mtoto yule alikitengeneza yeye kwa mikono yake, akakichonga na ua kichwani.

Mama mkwe alichelewa kidogo kumkubali, si uongo. Mwaka wa kwanza alikuwa akionja mboga ya mkwe wake na kusogeza sahani pembeni bila neno. Lakini maisha yana njia zake, na wajukuu wana njia zao, na mpaka shemeji anafariki wale wanawake wawili walikuwa wamezoeana mpaka kutaniana. Mama Sura ndiye aliyekuwa akimtia mama dawa ya macho asubuhi na jioni. Mama alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaokula uoni kuanzia pembeni kuja katikati, polepole, bila maumivu, kama mtu anayekufungia dirisha huku mnaongea. Jicho moja lilikuwa limeshakwisha. La pili lilibaki na tundu dogo katikati.

Baada ya arobaini ya msiba kupita, mama aliomba kitu kimoja tu. Alikuwa amekaa kwenye kiti alichotengenezewa na marehemu, akiwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Wewe si unawawekea watu sura za watoto wao?" alimwambia mkwe wake. "Niwekee na mimi wangu. Nataka nimwone kabla hili jicho halijafunga. Nimwone vizuri, kwa kutulia, nimwage machozi yangu, basi."

"Nitakuwekea, mama."

"Lini?"

"Mwezi huu huu."

Sasa tatizo lilikuwa picha. Shemeji alikuwa mtu wa kujificha kamera, akiona mtu ameinua simu anageuka kama aliyeitwa nyuma. Wakapekua sanduku, wakapekua simu za watoto, wakapata moja tu ya maana: siku nyumba ya mama ilipoezekwa, ndugu wawili wamesimama ukutani, kila mmoja amemtupia mwenzake mkono begani. Walifanana wale! Paji moja, taya moja, kidevu kimoja. Ukiwajua ndio unawatenga: mkubwa ana mwanya, na nyusi ya kushoto imekatwa mstari na ubao uliomrukia ujanani. Mdogo, yaani mumewe Mama Sura, ana masikio makubwa na macho ya mtu anayetaka kusinzia.

Mama Sura akaifanyia kazi picha ile kwa moyo wake wote. Kwanza akafuata mwiko. Alihitaji sura ya mtu aliye hai ya kujaribia mashine, na ipi bora kuliko ile nusu ya pili ya picha ileile? Mwanga mmoja, karatasi moja, vumbi moja. Mashine ikimkubali mume, itamkubali na kaka yake. Akamkata mumewe, akamsafisha, akamhifadhi kwenye folda ya TAYARI kwa jina "Jiwe la shemeji".

Hapa nieleze kidogo, msije mkapotea. TAYARI ni folda ya wote. Mama Sura anaweka kazi humo akiwa chumba cha mbele, na kompyuta ya huko nyuma, inayoendesha mashine, inachukua humohumo. Huko nyuma anakaa fundi wa mashine, anaitwa Vumbi, na ukimwona hutauliza kwa nini. Vumbi akishajaribu na kupata kina na kasi vinavyofaa, mashine inavikumbuka kwa jina la faili. Kwa hiyo Mama Sura haweki faili jipya. Anaweka sura ya marehemu juu ya ile ya majaribio, kwa jina lilelile, na ile ya kwanza inafutika. Wamefanya hivyo miaka na miaka, hakuna hata siku moja waliyoharibu.

Vumbi akajaribu kwenye kipande kibovu, jicho na shavu tu, akasimamisha mashine. Akachungulia mlangoni, kope nyeupe. "Poa, Mama Sura. Niletee mwenyewe sasa."

"Nampeleka mama hospitali ya macho mara moja. Nikirudi tu unampata."

Akaenda. Na alipokuwa hayupo, akaingia yule fundi wa kompyuta wanayemwita Ondoa Wasiwasi. Kaitwa na Tajiri, mwenye karakana, kwa sababu wiki ile mtu mmoja, sisemi ni Vumbi, alikuwa amekokota folda nzima kwa kipanya na kuidondosha ndani ya folda nyingine, kazi za watu zikatafutwa kutwa nzima na Tajiri akatukana mpaka akakohoa. Akataka folda ifungwe, asiichezee mtu. Ondoa Wasiwasi akaifunga. Ukitaka kusoma, soma. Ukitaka kubadilisha kilichomo, ng'o. Akamaliza, akanywa soda ya Tajiri, akasema "Ondoa wasiwasi, mkuu, mambo safi," akaondoka. Kumwambia mtu wa chumba cha mbele? Wapi! Tajiri alidhani fundi atasema, fundi alidhani Tajiri atasema.

Huko hospitali daktari alikuwa amemmulika mama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akamvuta Mama Sura pembeni, kwenye korido, karibu na mizani. "Kilichobaki ni kidogo sana," akamwambia. "Siwezi kumrudishia kilichokwenda, na siwezi kukuahidi hiki kitakaa. Kama kuna kitu anataka kukiona, akione."

Mama Sura alirudi kazini na maneno hayo kifuani. Akakaa, akafungua nusu ya pili ya picha, akaanza kumtoa shemeji. Akaitafuta nyusi iliyokatwa, akaiacha ilivyo. Akautafuta mwanya, akauacha wazi. Jioni ikikaribia sura ikatokea, ikamtazama, shemeji mwenyewe, na kile kicheko chake cha nusu mdomo kama anayetaka kusema "huyo mtoto ameshampata". Mama Sura akaanza kulia palepale. Machozi yanashuka, mkono unashuka kwenye kipanya, akabonyeza kuhifadhi, akachagua TAYARI, akachagua jina lilelile.

Kompyuta ikaleta kisanduku: huna ruhusa ya kuhifadhi mahali hapa, wasiliana na msimamizi. Ungependa kuhifadhi kwenye folda yako ya Nyaraka badala yake?

Jamani, kompyuta inauliza maswali mangapi kwa siku? Una uhakika? Unataka kuendelea? Unataka kusasisha sasa au baadaye? Mtu mzima na akili zake anafika mahali hasomi tena, anaitikia tu. Yeye aliona neno "kuhifadhi", akaona "Ndiyo", akabonyeza Ndiyo. Kisanduku kikapotea. Akafuta macho kwa kanga, akapaza sauti, "Vumbi! Mwenyewe yumo!" Akazima, akaenda nyumbani.

Shemeji akabaki kwenye Nyaraka. Kwenye TAYARI alikuwemo mumewe.

Kesho yake Mama Sura aliomba ruhusa ashughulike na maandalizi ya nyumbani, wageni wa ukoo walikuwa wanakuja. Vumbi akaweka jiwe jeusi kwenye mashine, akafungua "Jiwe la shemeji", akachonga. Alijua ndugu wanafanana, angetilia shaka nini? Akalipangusa, akalifunga gunia na kamba lisikwaruzwe, likapakiwa, likasimikwa kaburini. Hakuna mtu wa familia aliyeliona.

Siku ya kulifunua walikuja wengi. Mashangazi walewale, wamezeeka lakini midomo haijazeeka. Mama alishikwa mkono na mwanawe, akapita katikati ya makaburi akipapasa ardhi kwa vidole vya miguu. Mama Sura alikuwa nyuma yao, amevaa nguo yake nzuri, na moyoni alikuwa na furaha ya aina yake, ile furaha ya huzuni, ya mtu anayelipa wema. Shangazi mkubwa akaomba dua, akakata kamba, akavuta gunia.

Masikio makubwa. Macho ya kusinzia.

"Mungu wangu!" shangazi mmoja akasema. Mwingine akaanza kucheka kwa hofu, akajiziba mdomo. Mume alisimama anajitazama, hai, na chini ya kidevu chake tarehe ya kufa ya kaka yake. Akajishika sikio. Kisha vichwa vyote vikageuka, kimoja kimoja, vikamtazama Mama Sura. Naye kichwani anakiona kile kisanduku kidogo na kile kitufe cha Ndiyo, wazi kabisa, sasa anakisoma neno kwa neno.

Mama akasogea. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa jiwe, akaanza kupandisha kichwa na kukishusha, kushoto na kulia, maana kwa lile tundu alilobaki nalo uso mzima hauonekani kwa mara moja, anauokota vipande vipande. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akainuka, akageuka.

"Ndiye," akasema. "Mwanangu ndiye huyu. Mkwe wangu uko wapi? Njoo. Mungu aibariki mikono yako."

Akamkumbatia mbele yao wote. Mama Sura alilia mpaka akashindwa kusimama, na watu wakadhani analia msiba.

Nyumbani, wageni walipotawanyika, alimwambia mumewe, "Nakwenda kumwambia mama. Siwezi kuishi na hili."

"Humwambii."

"Baba watoto, ile ni sura yako!"

"Naijua sura yangu." Alikuwa amekaa kitandani, viatu mkononi. "Mama ameona. Ameridhika. Sasa wewe ukamwambie nini? Kwamba ameshindwa kumtambua mtoto wake wa kwanza? Hilo ndilo litamuua, mke wangu, si jiwe."

"Basi tubadilishe kimyakimya."

"Amesema kila Jumapili atakwenda kuweka uso wake pale. Ukibadilisha ataona tofauti. Atajua. Liache."

Jumatatu Mama Sura aliingia kazini hakusalimia mtu. Akafungua folda ya Nyaraka, na shemeji huyo, mzima, na mwanya wake. Tajiri akaitwa, Vumbi akaitwa, Vumbi akashika kichwa mpaka nywele zikamwaga unga. Tajiri, si mtu mbaya, akasema jiwe jingine lipo, achukue jeusi lolote analotaka, na akampigia Ondoa Wasiwasi aje sasa hivi.

Akaja. Akavuta kiti, akabonyeza folda ya TAYARI kwa kitufe cha kulia, akaingia kwenye sifa, akaingia kwenye usalama. "Unaona majina haya? Hili lako. Una ruhusa ya kusoma, basi. Ya kubadilisha niliiondoa. Nakurudishia, hivi, naweka alama hapa. Jaribu."

Mama Sura akachukua faili jingine la bure, akalihifadhi. Likaingia bila neno.

"Ondoa wasi..." fundi akaanza, akauona uso wa Mama Sura, akameza. Kisha akasema kwa upole kidogo, "Lakini dada, ilikuuliza."

"Iliniuliza."

"Na wewe ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo. Na wewe ulifunga mlango wa nyumba ya watu, ukaondoka na soda."

Alichofanya fundi, na hili tumsifu, ni kumwekea kompyuta yake ifungukie TAYARI kila anapohifadhi, na kumwonyesha mstari wa juu unaotaja faili limekwenda wapi. Toka siku ile Mama Sura hahifadhi kitu bila kuweka kidole kwenye kioo na kuusoma mstari ule kwa sauti. Wenzake waliacha kumcheka.

Lakini shemeji hakumtia TAYARI. Mumewe alikuwa amesema liache, na liliachwa.

Ikawa kila Jumapili mume anampeleka mama kaburini, anasimama pembeni wakati mama ameegemea jiwe, na anajitazama. Mara ya kwanza mlinzi wa makaburi alimwona amesimama hivyo, akatazama jiwe, akamtazama yeye, akarudi hatua nyuma na fagio lake. "Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "umepata nafuu?" Mume alimsimulia mkewe huku anacheka, lakini kicheko kilikatikia njiani. Alianza kuamka usiku na kushika kifua. Kaka yake si alikufa kwa moyo? Mkewe akimshauri akapime anasema hana ugonjwa, ana jiwe tu. Na Mama Sura, ambaye alikuwa akichekesha karakana nzima, akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Asubuhi anamtia mama dawa, mama anamtazama kwa lile tundu, na kila akitazamwa anahisi kama anaibia. Mara ngapi alifungua mdomo! Mara ngapi mama naye, kama vile anataka kusema jambo, akaishia kuulizia chumvi!

Miezi ikapita hivyo. Mvua zikaja, Jumapili kadhaa hawakwenda. Kisha jua likarudi, wakaenda, na safari hiyo mama alirudi mapema kuliko kawaida, akaingia moja kwa moja kwenye kiti chake.

Jioni Mama Sura akamletea dawa. Akamlaza mama kichwa nyuma, akavuta kope, tone likaanguka.

"Lile jiwe mtalibadilisha lini?" mama akauliza.

Chupa ilimtoka mkononi, ikabiringika chini ya meza.

"Mama..."

"Nauliza tu. Nimengoja sana."

"Mama, ulijua?"

"Nimezaa wawili tu," mama akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo. "Wawili! Nimewaogesha, nimewapiga, nimewafunga vidonda. Nisimjue nani ni nani, kwa sababu jicho limebaki moja? Nyusi niliyoifunga mwenyewe kwa kitambaa, damu inatiririka, niitafute nisiione, nisijue?"

"Sasa mbona ulisema ndiye?"

"Wale mawifi zangu walikuwa wameshakugeukia. Niliwasikia wanavyovuta pumzi. Wangekuchamba mpaka kaburini kwako. Nikasema, huyu binti mimi nilimsogezea sahani mwaka mzima, leo sitamwacha. Nikajua mtalibadilisha. Nikasema, wiki hiihii watalitoa kimyakimya, watadhani sikuona, na mimi nitamkuta mwanangu pale nimwangalie kwa nafasi. Nikaenda Jumapili, nikakuta mdogo. Nikaenda tena, mdogo. Nikasema labda mashine mbovu. Nikaogopa kuuliza, nisikutie aibu."

"Na sisi tulikuwa tunaogopa kukuumiza wewe," Mama Sura akasema. Alikuwa ameshapiga magoti, amekishika kiti cha seremala yule, analia wazi kama mtoto. "Nitalitengeneza kesho. Kesho, mama, faili lipo, halijapotea, lilikuwepo siku zote, litaingia kesho asubuhi..."

Mama akamshika kichwa. Alimkosa kwanza, mkono ukapita hewani, ndipo ukarudi ukampata.

"Leo nilipofika pale sikuona jiwe," akasema. "Niliona mwanga tu."

Mume wa Mama Sura alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama hapo tangu lini, hakuna aliyejua. Akateleza chini akakaa kizingitini, mtu mzima yule, akaficha uso kwenye magoti.

Usiku ule Mama Sura alimsimulia mama yote, mpaka kile kitufe cha Ndiyo. Na jiwe walilifanya haraka, hilo hawalaumiki. Asubuhi Mama Sura alimtoa shemeji kwenye Nyaraka, akaweka kidole kwenye kioo, akausoma mstari, akahifadhi. Akaenda nyuma mwenyewe kuhakikisha. Alisimama karibu na Vumbi, vumbi likimjaa kwenye nywele, mpaka nyusi ikatokea, mpaka mwanya ukatokea, na hakuruhusu lifungwe gunia. Lile la kwanza mama aliagiza livunjwe. "Leo leo," alisema. "Sitaki kulisikia." Mwanawe ndiye aliyelivunja, kwa nyundo ya kaka yake, uani kwenye kifusi, na Vumbi akatazama pembeni.

Wakaenda kaburini watatu tu. Mashangazi hawakuambiwa. Ilikuwa asubuhi nyeupe, jua linapiga lile jiwe jeusi na sura inaonekana kila mstari, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya Mama Sura. Mlinzi wa makaburi akapita, akatazama, akapumua.

Mama akasogezwa mbele. Akainama kama zamani, pua karibu na jiwe, akapandisha kichwa na kukishusha. Akaacha. Akapeleka kiganja, akakipitisha juu ya uso wote, kuanzia paji mpaka kidevuni, taratibu, akitafuta. Lakini mashine ile haichimbi sana. Inakwaruza tu, kiasi cha jicho kuona. Kwa mkono ni laini kama ubao uliopigwa randa.

"Mkononi ni lilelile," akasema.

Akakaa hivyo, kiganja kwenye jiwe, halafu akageuza uso upande alikodhani mkwe wake yupo.

"Ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Una hakika? Safari hii usiniambie ndiyo tu."

Mama Sura akaweka kidole kwenye jiwe. Akaanza kumsomea, nyusi, mwanya, kicheko cha nusu mdomo, kwa sauti ya kukatika katika, hakuacha kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa.

"Haya," akasema. "Nimeamini. Nipeni mkono, twende."